Kivuko cha Kona ya Mtoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Phanice alimsaidia mama yake kupanga ndizi mbivu na karanga kwenye meza yao katika soko la Kaluoch, kando ya barabara kuu iendayo Migori. Kisha alivaa mkoba wake na kufuata ukingo wa barabara hadi kona ya mtoni. Hapo ndipo watoto wote walipovukia, maana kijia cha shule kilianzia upande wa pili.

Kona ile ilikuwa mbaya. Malori ya miwa yaliteremka mlima yakinguruma, na dereva hakuweza kumwona mtu mpaka amfikie. Muhula uliopita, Awino, rafiki yake Phanice wa kufa na kuzikana, aligongwa hapo na pikipiki iliyokuwa ikikwepa lori. Phanice alikuwa amemshika mkono. Alisikia vidole vya mwenzake vikimponyoka, kisha akamwona ameanguka mtaroni, mguu umevunjika. Mama yake Awino alimpeleka kwa nyanya yake kisiwani Mfangano ili apone.

Wazazi walilalamika sana, na hatimaye chifu mpya akaitisha baraza. Mhandisi wa barabara angekuja kupanga mahali pa kujenga matuta na kivuko cha watembea kwa miguu. Habari ilikuwa njema, ila ilikuwa na mwiba ndani yake: kivuko kingekuwa kimoja tu.

Jioni ya kuamkia baraza, Mzee Maranga, mwenyekiti wa wafanyabiashara, alifika nyumbani kwao.

"Mama Phanice," alisema, "matuta yakiwekwa mbele ya soko, kila gari litapunguza mwendo. Abiria watanunua hata bila kushuka. Tumekubaliana tuseme yule mtoto aligongwa sokoni. Binti yako alikuwepo. Akisema yeye, nani atabisha?"

"Lakini Mzee, Awino aligongwa kona ya mtoni," Phanice alisema.

Mzee Maranga alicheka. "Kona, soko, si barabara ni ile ile?"

"Barabara ni ile ile. Mahali si pale pale."

"Phanice!" mama alimkemea. "Ndivyo unavyomjibu mzee?"

Mgeni alipoondoka, mama alisema kwa sauti ya chini, "Unajua biashara ilivyo siku hizi. Sema tu walivyopanga. Hakuna atakayeumia."

"Awino ameshaumia, Mama. Na akirudi atavukia wapi?"

Mama alianza kuchochea moto uliokuwa tayari unawaka vizuri.

Siku ya pili watu walifurika katika uwanja wa kanisa. Mhandisi, mama mmoja aitwaye Pauline, alikuwa ametundika ramani kubwa ukutani. Wafanyabiashara waliinuka mmoja baada ya mwingine, wote wakisema soko, soko, soko. Hata baadhi ya wazazi waliojua ukweli waliinamisha vichwa, kwa kuwa nao walikuwa na meza pale.

"Sasa tumsikie mtoto aliyeona kwa macho yake," Mzee Maranga alisema huku akitabasamu.

Phanice alisimama. Sauti yake ilitoka kavu na wazi. "Awino hakugongwa sokoni. Aligongwa kona ya mtoni."

Watu walinong'ona. "Keti chini wewe!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Msamehe, Mhandisi," Mzee Maranga alisema haraka. "Mtoto amechanganyikiwa."

"Sijachanganyikiwa, na sitaketi!" Phanice alisema. "Nilikuwa nimemshika mkono. Mnataka kivuko mahali ambapo hakuna mwanafunzi anayevuka. Twendeni konani mjionee!"

"Mtoto, heshima," chifu alimwonya.

"Ninawaheshimu, Chifu. Lakini uongo sisemi."

Hapo mama yake aliinuka kutoka safu ya mbele. Phanice alijikaza, akijua atavutwa mkono na kupelekwa nyumbani. Lakini mama aligeuka akawatazama watu.

"Mwanangu anasema kweli," alisema. "Nilimwambia adanganye, akakataa. Aliyepaswa kukataa tangu mwanzo ni mimi."

Mhandisi Pauline aliitoa ramani ukutani. "Basi twende tukaone," alisema.

Walikwenda wote. Walipokuwa bado wanaonyeshana kijia cha shule, lori la miwa lilichomoza ghafla. Chifu aliruka mtaroni, kofia yake ikabingirika kando. Alipotoka huko, suruali imejaa matope, hakuna aliyehitaji kumweleza tena.

Mhandisi alitembea huku na huko, akitazama mlimani. "Kwenye kona yenyewe dereva hataona kivuko kwa wakati," alieleza. "Tutakiweka juu kidogo, panapoonekana kutoka mbali. Matuta yawe pande zote mbili, na ukuta mfupi uwaongoze watoto hadi hapo."

Mzee Maranga alimpita mama yake Phanice bila kumsalimu. "Wateja wako utawatafuta mtoni," alinung'unika.

Kwa majuma kadhaa baadhi ya wauzaji waliwanunia, na mama hakurudisha maneno. Kivuko kilijengwa, mistari yake myeupe ikang'aa juu ya lami. Awino aliporudi kutoka Mfangano, bado akitumia mkongojo, mama aliiacha meza yake akawasindikiza wasichana wawili hao. Lori lilifika kwenye matuta, likapunguza mwendo, likasimama. Awino alivuka taratibu, bila kukimbia.

Mama alimshika Phanice bega. "Mwanangu, mkubwa huheshimiwa," alisema. "Lakini mkubwa akikutuma useme uongo, mkatalie, hata kama ni mimi mama yako. Ndizi nikikosa kuuza leo, nitauza kesho. Mtoto akishagongwa, sina njia ya kumrudisha. Haya, nendeni, kengele inalia."