Mshonaji wa Mbingu

Mfuko wa shati la kijana mmoja ulinaswa na kitasa cha mlango wa posta, ukachanika. Foleni nzima ikacheka. Binti mmoja tu, fundi cherehani mwenye gauni la samawati, ndiye aliyechomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye ukosi wake.

"Simama wima, kaka, nisije nikakushona pamoja na mbavu!"

Kijana alikuwa mchoraji. Wakapendana, kwa miezi saba simu zao hazikupoa. Kisha kijana akamwalika binti kwenye ukumbi wa maonyesho, akaone alivyomchora.

Binti alifika amependeza, akasimama mbele ya picha, akanywea. Mwanamke amekaa juu ya wingu, anashona mbingu iliyopasuka. Hana kichwa! Mahali pa kichwa pana taa.

"Kumbe uso wangu unakutia haya?" alisema, akaondoka. Simu akaizima siku tisa.

Siku ya kumi, shangazi yake aliyemlea akamshika mkono. "Maonyesho yanafungwa leo. Twende ukaitazame tena, mwanangu. Hasira hasara."

Wakakaa kwenye benchi mbele ya picha.

"Anashona kwa mkono gani?" shangazi akauliza taratibu.

"Wa kushoto." Binti akautazama wake. Mkono ule ule aliochapiwa shuleni kwa kuuandikia. Hata mishono ililala upande, kama yake.

"Na taa inammulikia nani?"

Binti akasogea. Picha yote ilikuwa na rangi za baridi. Joto lote lilitoka kwenye ile taa, likashukia mfuko mdogo ulioshonewa mbinguni. Ndani yake mtu mdogo amejikunja, amelala bila wasiwasi. Uzuri wa picha ile ulimtoa binti machozi.

Akawasha simu, akapiga.

"Mbona huyu wa mfukoni amelala?"

"Amepata pa kupumzika, mpenzi. Tangu siku ile ya posta."

"Na kichwa changu je?"

"Nilikichora mara kumi na moja. Kilitoka kizuri, ila hakikuangaza kama wewe."

"Mwongo mkubwa! Uko wapi?"

"Mlangoni, nyuma yenu. Nimekuja kila siku."

Shangazi akamsogelea mpwa wake ili kuacha nafasi. "Njoo ukae, baba, umesimama mno."

Hakukaa. "Shangazi, naomba nije nyumbani kuposa."

"Mwulize mwenyewe."

Binti alimtazama kijana, shati lile lile, kifungo kimoja kimebaki na uzi mmoja. Akapeleka mkono wa kushoto kwenye ukosi, akachomoa sindano.

"Simama wima," alisema. "Nani anakwenda kuposa na kifungo kinaning'inia?"