Ukurasa wa Pili wa Hati ya Murungu

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, mzee Bazilio, mlinzi wa jumba la mawe la Murungu, alifungua sanduku la hati akakuta ukurasa mmoja haupo. Saa tatu Sajenti Divine Ndayisenga alikuwa ameshafika kutoka Kibondo.

Jumba hilo lilijengwa na mlowezi aliyelima tumbaku. Kabla ya kufa aliandika hati, kwa lugha yake, kwamba liwe shule ya bweni ya wavulana. Shule haikufunguliwa. Vitanda arobaini vya chuma vilikuwa bado ghorofani, havijawahi kulaliwa na mtu. Mchana huo kamati ya kijiji ilikuwa itie saini ili shule ianze.

"Kufuli halijavunjwa," Divine alisema. "Ufunguo anao nani?"

"Mimi tu, afande."

"Jana aliingia nani humu?"

"Mudathiri, yule wa mbao. Analitaka jumba liwe ghala lake."

Divine aliinama juu ya sanduku. Ukurasa wa kwanza wa hati ulikuwepo, na michoro ya jengo pia. Alishangaa. Ukurasa wa kwanza ndio uliosema jumba limetolewa kwa ajili ya shule. Mtu wa kuizuia shule angechukua huo.

Alimkuta Mudathiri akipanga mbao.

"Ndiyo, nalitaka," alisema bila kuficha. "Jana saa kumi nilimwita mzee barazani nimuulize habari za paa. Sandukuni sikufika. Aliyebaki ndani ni Mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Sophie Niyubahwe. Si ndiye anayeitafsiri hati kwa ajili ya kamati?"

Divine alirudi kwa Bazilio. "Mzee, mbona Mwalimu hukumtaja?"

Bazilio alionekana kushangaa kweli. "Mwalimu ni mtu wetu, afande. Alitaka kuangalia neno moja tu, nikamfungulia."

Saa nane kamati ilikaa ukumbini. Sophie alisoma tafsiri yake kwa sauti ya darasani. Iliishia ukurasa wa kwanza.

Divine alisimama. "Mwalimu, ukurasa wa pili unasemaje?"

Sophie alimtazama, kisha akafungua mkoba na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Unasema wasichana wakiingia, jumba lirudi kwa ndugu wa aliyelitoa. Wasichana wangu wakimaliza la saba, sekondari ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mwaka jana tisa waliacha shule. Nikasema, huu usipoonekana, tutafungua shule ya wote."

"Na mzee Bazilio? Ufunguo ni wake. Mimi asubuhi nilikuwa karibu kumkamata yeye."

Sophie alimgeukia Bazilio. "Hilo sikulifikiria," alisema. "Nisamehe, mzee."

Bazilio aliichukua ile karatasi mkononi mwake.

Kamati iliahirisha kutia saini mpaka mwanasheria aisome hati nzima. Divine alimwambia Sophie wataondoka pamoja kwenda kituoni, akamfungulia mlango wa gari. Bazilio aliwafuata hadi nje, ameshika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Nsimire, mjukuu wangu, ni mmoja wa wale tisa," alimwambia Divine. "Ondoka na hii, afande. Ikilala hapa, nitaichoma mwenyewe."