Tangazo la Keziah

Keziah alikuwa dobi. Kila Jumatatu aliwasha moto uani, akachemsha mashuka ya watu katika sufuria kubwa. Mumewe, Primus, alilima pamba katika shamba la kukodi. Jioni walikula mkate wa mahindi na mafuta ya nguruwe, wawili tu mezani.

Walikuwa na binti, Phillis. Aliuzwa jimbo la mbali la Mississippi akiwa na miaka tisa. Sasa vita vya Kaskazini na Kusini mwa Marekani vimekwisha, watumwa wote wa Georgia wako huru, na Phillis hajulikani alipo.

Keziah alikuwa ametuma tangazo katika gazeti la watu weusi. Wachungaji wa majimbo mengi waliyasoma matangazo hayo kanisani kila Jumapili. Lake lilisema: "Keziah Rivers anamtafuta binti yake Phillis." Miezi minane ikapita, kimya.

"Mississippi si banda la kuku, mke wangu," Primus alisema. "Huwezi kuita mara moja mtoto akaja mbio."

"Wewe kula mkate wako."

"Nakula. Lakini lia uache. Unajimaliza."

Keziah hakuacha. Jumamosi alikwenda kwa Sajini Cato Mabry. Huyu alikuwa mtumwa, akatoroka, akajiunga na jeshi la Kaskazini. Kusoma alijifunza kambini. Sasa aliwafundisha watu wazima nyuma ya kanisa. Alilisoma tangazo mara mbili, akakuna kidevu.

"Dada, huyu Keziah Rivers ni nani?"

"Si ni mimi! Umeanza kunywa, Sajini?"

"Ni wewe leo. Phillis alipouzwa, uliitwa Rivers?"

Keziah akatikisa kichwa. Jina hilo walilichagua wenyewe baada ya uhuru.

"Mlikuwa wa nani?"

"Sitaki jina la yule mtu lisomwe kanisani. Amuuze mwanangu, halafu nimtaje mbele ya Mungu? Thubutu!"

"Una haki ya kumchukia. Lakini huko Mississippi watu walimjua mtoto kwa jina la aliyemmiliki. Taja bwana, taja dalali, taja mahali na mwaka. Bila hayo, hata aliyelala naye chumba kimoja hatajua ni yeye."

Keziah alilia kwa hasira. Kisha alisema upesi, kama mtu anayetema dawa chungu: "Harlan Tisdale. Dalali aliitwa Goss. Mwaka siujui. Tulikuwa tunachuma pamba ya mwisho. Baadaye kidogo bwana akavaa sare akaenda vitani."

"Basi ni vuli ya 1860," Sajini alisema. "Novemba ile alichaguliwa rais asiyetaka utumwa uenee. Mabwana wa Kusini wakajitenga, wapate kuendelea kutumiliki. Aprili iliyofuata mizinga ikalia Charleston. Vita vikaanza."

"Na mwanangu alikuwa huko peke yake."

"Januari 1863 rais akatangaza kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi ni huru. Julai jeshi letu likauteka mji wa Vicksburg. Watumwa wa Mississippi wakakimbilia kambi zetu kwa maelfu. Huenda na yeye alikimbia."

"Kambini walikula?"

Sajini alitazama chini. "Wengine walikula, dada."

Aliandika tangazo jipya. Jina la Tisdale lilikuwa katika mstari wa kwanza.

Barua ilikuja Machi 1867. Sajini aliileta mwenyewe. Keziah alikuwa anafua, mikono imejaa povu. Primus alikuwa amekaa mlangoni anatengeneza jembe.

"Imetoka Natchez, huko Mississippi," Sajini alisema. "Ya mama mmoja, Venus Tarleton." Akasoma:

"Nilimjua Phillis wa Tisdale. Alinunuliwa na bwana wetu kutoka kwa Goss. Vicksburg ilipoanguka tulitoroka pamoja. Kambini hapakuwa na mablanketi ya kutosha. Ndui ilimchukua Desemba ya mwaka uleule. Nilimshika mkono. Alikuwa na miaka kumi na miwili."

Primus aliliweka jembe chini, akajifunika uso. Keziah hakupiga kelele. Alisimama tu, povu likimkauka mikononi.

"Miaka mitatu," alisema. "Kila usiku nimemwomba Mungu amlinde, apate chakula. Miaka mitatu, Sajini. Alikuwa amekwisha kufa."

Jumapili waliimba nyimbo za maziko, na mchungaji akalitaja jina la Phillis. Hapakuwa na jeneza. Lakini Keziah alivaa nyeusi, na majirani wakaja na chakula, kama inavyopasa mtu anapofiwa. Kabla ya hapo hakuna aliyejua ampe pole au ampe moyo.

Mwezi uliofuata mwanamke mwingine alikuja darasani. Alimtafuta kaka yake. Sajini alipomwuliza bwana wao alikuwa nani, aliuma midomo, akageuza uso. Keziah, aliyekuwepo, akaketi karibu naye.

"Sema, mwenzangu. Litakuchoma, lakini sema."

Mwaka ule kanisa lao lilituma matangazo kumi na saba. Yaliyojibiwa yalikuwa mawili, na watu walisema kwamba Keziah alikuwa na bahati: yeye alipata jibu.