Pumzi za Redent

Doriette aliwadharau wanafunzi wake wote wa uzamiaji, na hakuona haya kusema. Kila Jumapili aliwashusha kwenye mwamba wa pwani ya Sliema, mita nane tu, mahali hata bibi yake angepiga mbizi, na bado walitapatapa utadhani wametupwa na meli.

Ndipo akaja huyu. Ni Agosti, ufukwe umefurika, ajuza wamejaa kwenye viti vya plastiki wakila mkate wa nyanya na jodari, na yeye, jibaba lenye kaptura ya manjano, ameziba ngazi ya chuma.

"We bwana, unashuka au unasubiri bahari ikupandie?"

"Naogopa, mwalimu. Nishike mkono."

"Mie sishiki vitoto vyenye ndevu."

Lakini alimshika. Aliitwa Redent. Jioni ile akapiga simu.

"Mrembo, masikio yangu yana maji bado."

"Na kichwa je?"

"Kimejaa wewe."

"Ovyo!" Akakata, akacheka peke yake jikoni, akasubiri ilie tena.

Wiki ya tatu Doriette alimfungulia moyo: mwanaume wake wa kwanza alimficha miaka miwili mizima kwamba ana mke kule kisiwani Gozo. "Mtu mwongo simtemei hata mate," alisema. Redent akamfuta machozi, akasema, "Pole, mpenzi."

Jumapili iliyofuata walikaa chini ya maji wawili tu, dakika arobaini, wakimchungulia pweza. Anayeanza hubugia hewa kwa woga. Kwa dakika hizo mtungi wake huwa unakaribia kwisha. Doriette akasoma geji ya mtungi wa Redent. Zaidi ya nusu ya hewa ilikuwa bado imo. Huyu hakuwa anayeanza. Akamwonyesha kidole: juu.

"Umepiga mbizi miaka mingapi?" aliuliza walipoibuka.

"Kumi na minne. Nachomelea meli chini ya maji."

"Na kule kuogopa kwenye ngazi?"

"Nilitaka unishike mkono."

"Nimekueleza habari za Gozo, nalia, na wewe kimya! Takataka mkubwa!"

Simu yake ililia siku kumi. Hakupokea, ingawa kila ilipolia alikimbia kuitazama.

Jumapili Redent alikuja ufukweni mwenyewe, shati jeupe limepigwa pasi, akasimama katikati ya umati. "Nilimdanganya mwalimu huyu," akasema.

"Sisi wa nyuma hatujasikia!" ajuza mmoja akapaza sauti.

"Nilimdanganya! Nampenda!"

"Kuna uongo mwingine?" Doriette aliuliza, mikono kiunoni.

"Kuna jambo nimelificha. Nimepata kazi ng'ambo, Trieste, mwaka mzima, kuanzia Oktoba. Nilitaka niikatae kimyakimya."

"Yaani hata wema wako ni wa kificho! Mwanaume gani wewe? Ukiikataa utajuta?"

Neno moja tu la uongo, "hapana", lingetosha, na mwanamke angekuwa wake. Ajuza waliacha kutafuna. Redent alimtazama usoni.

"Nitajuta," akasema.

Jibu lilimchoma Doriette, na papo hapo akajua kwamba anamwamini. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira.

"Basi nenda, mjinga wewe."

"Na mwaka ukiisha?"

"Rudi na pete," alisema, akamvuta kwa ukosi wa lile shati, akambusu mbele ya watu wote. "Ukirudi mikono mitupu nitakuzamisha."