Mgao wa Verlin

Jumamosi asubuhi Verlin Stamper alipuliza kidude, na kidude kikasema amelewa.

Alikuwa amekunywa kahawa. Kabla ya kahawa, kwa siku mia tatu na sitini na mbili, hakuwa ameonja hata tone la kilevi. Kidude hicho kilifungwa chini ya usukani kwa amri ya mahakama: dereva apulize, kidude kitafakari, kikiridhika gari liwake. Kilikuwa na cheti chenye mhuri. Verlin hakuwa na cheti cha chochote, kwa hiyo ubishi ulipozuka kati yao wawili, Jimbo la Kentucky lilijua nani wa kumwamini.

"Puliza tena, mchungaji," alisema Boyd kutoka kiti cha nyuma. Alimwita hivyo tangu siku rafiki yake alipoacha pombe. "Labda kinasikia harufu yangu. Jana nilijitahidi."

Verlin akapuliza. Taa nyekundu.

Nadine, dada yake, aliyekaa mbele, hakucheka. Alijua hesabu ya taa zile. Nyekundu tatu, na mwaka wa kidude unaanza upya. Akikaa saa mbili bila kupuliza tena, inaandikwa kuwa amekataa, na kukataa ni sawa na kulewa. Mwingine hawezi kumpulizia, maana kuna kamera. Serikali haipendi kusaidiwa. Na Jumatatu saa tatu asubuhi hakimu angesoma karatasi ya kidude, aone kama Maisie, binti wa Verlin mwenye miaka saba, aruhusiwe kulala kwa baba yake mwisho wa juma. Kiti cha Maisie kilikuwa tayari kimefungwa nyuma, pembeni ya Boyd, tangu Agosti.

Kila Oktoba, kwa miaka kumi na mitano, watatu hawa walizunguka viwanda vya wiski vya Bardstown. Safari hii Verlin alikuja kama dereva, na alijivunia cheo hicho.

"Verlin," Nadine alisema polepole, "unanuka."

"Nanuka nini?"

"Usinifanye mtoto. Unanuka pipa."

Alinuka kweli. Mwaloni uliounguzwa, sukari iliyokolea. Nadine akamvuta kola, halafu akaurudisha mkono wake upesi. Shingoni, chini ya sikio, palikuwa na weusi kama masizi. Akausugua kwa kidole chenye mate, haukutoka. Wote watatu waliujua weusi ule. Ndio ukungu unaoota kwenye kuta na miti kuzunguka maghala ya wiski, maana hula mvuke unaotoka kwenye mapipa. Haujawahi kuota juu ya mtu.

"Ulikunywa jana?"

"Naapa kwa Maisie sikunywa. Mliniona. Nilikiacha kinywaji changu."

Boyd akaacha kutafuna. "Ulikiacha wapi?"

Ilikuwa jana, kwenye kiwanda cha Tackett, ghala la juu. Eudora, mama mtu mzima aliyefanya kazi humo miaka arobaini, aliwachotea wiski moja kwa moja kutoka kwenye pipa kwa mrija wa shaba, kila mtu kimo cha kidole kimoja. Akaeleza kuwa kila mwaka pipa hupungua, na kinachopotea hewani huitwa mgao wa malaika. Verlin hakutaka kumwaga kazi ya watu mbele yao. Aliweka glasi yake juu ya pipa, akasema kwa heshima zote, "Basi na wangu wapewe. Wangu wote." Boyd na Nadine walicheka. Eudora hakucheka. Na Verlin, akishuka ngazi, alisikia nyuma yake mtu akimeza.

Hilo la kumeza hakuwa amewaambia. Aliwaambia sasa.

Tackett ilikuwa maili moja, wakaenda kwa miguu. Jua lilikuwa kali na mashamba ya mahindi yamekwisha kuvunwa, hakuna pa mtu kujificha, na bado kila Verlin alipovuta pumzi alisikia koo la mwingine likimeza karibu kabisa na sikio lake, pale penye weusi, na kila alipoibana pumzi koo lile lilingoja, bila haraka, kama mteja anayejua zamu yake itafika, mpaka akawa anatembea huku amefumba mdomo, machozi yakimtoka, na dada yake amemshika mkono.

Eudora aliwaona mlangoni, akatazama shingo ya Verlin, akachukua funguo.

Glasi ilikuwa palepale. Ila jana ilikuwa na kidole kimoja. Leo ilijaa mpaka ukingoni.

"Mmesema ni malaika," Nadine alinong'ona. "Mmeandika hata kwenye mabango."

"Mabango yanaandikwa mjini, binti yangu. Malaika gani anakunywa wiski?" Eudora naye alinong'ona. "Aliyemo humu tunamwachia kinachovuja, basi. Mtu hapaswi kumpa kwa mkono wake. Kaka yako kampa mgao wake wote, sasa huyo anaunywea ndani ya kaka yako. Aurudishe. Akinywe chote kilichomo."

"Kaka yangu hanywi!"

"Najua."

"Basi nakunywa mimi." Nadine akainyakua glasi, akaipeleka mdomoni. Kavu. Akaigeuza juu chini, hakikudondoka kitu. Alipoirudisha juu ya pipa, ilikuwa imejaa.

Zilibaki dakika hamsini za zile saa mbili. Verlin aliwaza: akinywa, taa nyekundu, asiponywa, taa nyekundu. Akanywa. Ilikuwa tamu kuliko alivyokumbuka, na alikuwa amekumbuka kila siku. Weusi ukamdondoka shingoni kama majivu.

"Kidude je?" Boyd aliuliza.

"Wote waliorudi kunywa," alisema Eudora, akifunga mlango bila kumtazama Verlin, "magari yao yaliwaka."

Walirudi. Dakika nane kabla ya muda, koo bado likimchoma, kichwa chepesi, Verlin aliweka mdomo kwenye kidude na kupuliza mpaka kifua kikauma.

Kijani.

Injini ikanguruma. Nadine akamkumbatia, akalia waziwazi. "Safi! Kimesema safi!"

"Mchungaji kapona!" Boyd akapiga kiti kwa kiganja. "Haleluya!"

Glasi nzima ilikuwa tumboni mwa Verlin, na kidude chenye cheti na mhuri hakikuiona. Hakimu asingeiona Jumatatu. Nadine, aliyemkumbatia shingo, hakunusa kitu. Angeweza kunywa glasi ya pili, ya kumi, kila siku ya maisha yake, na hakuna ambaye angejua.

Nyuma ya sikio lake mtu akameza, taratibu, akangoja.

Kwenye kioo aliona kiti cha Maisie. Mahali pa kuegemeza kichwa palikuwa na doa jeusi, dogo, kama la kidole.

"Nyumbani moja kwa moja," alisema Nadine akifuta macho. "Mbona unawasha taa ya kukata kushoto? Kushoto ni Tackett, nyumbani ni kulia."

Verlin akautazama mkono wake, uliowasha taa bila yeye kuutuma.