Inafika, Haikai

"Hii inafika wati elfu mbili," muuzaji alisema, akiweka mezani pawa saplai, kile kifaa cha kulisha mashine umeme, yenye vitaa vya rangi.

"Na ile?" mshonaji aliuliza.

"Ile nyeusi inakaa elfu moja na mia nane. Imetumika, ina kelele, ila inakaa hapo hapo mchana na usiku."

"Basi tupe inayokaa."

"Subiri kwanza, mpenzi," alidakia Gundi, fundi viatu aliyekuwa amuoe Jumamosi. "Elfu mbili na hiyo nyingine, kubwa ipi?"

"Hujasikia? Amesema inafika, hakusema inakaa. Mashine yako ya kuchimba hizo sarafu za mtandaoni hailali. Itaifikisha huko juu halafu iiachie?"

"Nimesikia vizuri. Ameona kucha zangu zina gundi, anataka kunisukumia mtumba."

Muuzaji alicheka. "Mzee, mimi nauza zote. Chagua."

Gundi akachagua yenye vitaa. Tangu mkewe wa kwanza afe, hakumwamini mtu yeyote aliyesimama nyuma ya meza. Na alikuwa na haki. Mke huyo alikuwa anapumulia mashine hospitalini, umeme ukakatika, jenereta likakutwa kavu. Mkubwa aliyehusika akahamishiwa ofisi yenye zulia. Hakuna aliyesema samahani. Hao ndio wakubwa, sisi tukizika wao wanabadilisha viti.

Nyumbani mashine iliunguruma mpaka vikombe vikacheza kabatini.

"Unasikia?" Gundi alitabasamu. "Kaka yako akija Jumamosi ataikuta inachapa kazi. Hatasema tena dada yake anaolewa na soli za viatu."

"Isogeze basi, iko karibu na gauni langu."

Gauni la harusi alilishona mwenyewe, akalitundika chumbani kwa Gundi kabla hajaleta hata sanduku. Kwa mwanamke yule, hilo ndilo lilikuwa neno la ndiyo.

"Litapata upepo wa feni," Gundi alisema.

Kesho yake mchana walikuwa barazani, Gundi akigonga kisigino cha kiatu, mshonaji akipinda suruali ya mteja. Ndani kikalia kishindo kidogo. Feni zikanyamaza.

"Wamekata," Gundi alisema bila kuinua kichwa. "Wamekaa kwenye viyoyozi vyao, wamekata."

"Sikiliza."

Kutoka kibanda cha jirani, mashine ya kinyozi ilikuwa inavuma.

"Anatumia betri huyo."

"Kinyozi!" mshonaji aliita. "Una umeme?"

"Upo tele, dada. Umlete Gundi nimnyoe kabla ya ndoa, au unamchukua hivyo hivyo?"

Mshonaji hakucheka. Aliingia ndani. Pawa saplai ilikuwa inatoa moshi, vitaa vimezimika, na mkono mmoja wa gauni umeungua hadi kwenye kiwiko.

Gundi alisimama mlangoni. "Umeona? Umeme wao ulipanda ghafla. Lazima wanilipe."

"Kwa kinyozi haukupanda?"

"Huwezi kuwajua hao."

Mshonaji aliushika ule mkono wa gauni, majivu yakabaki vidoleni. "Gundi, sema nilikosea. Basi. Nitashona mkono mwingine, kaka atakuja, tutaoana. Sina kingine ninachotaka."

Gundi aliupepea moshi kwa kiganja.

"Waliniulia mke," alisema.

"Najua. Nimelia na wewe kwa ajili yake. Lakini hii hawakuichagua wao."

"Kwa hiyo unawatetea."

Mshonaji alilikunja gauni, akauficha mkono ulioungua ndani.

"Hakuna mwanaume aliyewahi kunifikia moyoni kama wewe," alisema taratibu. "Kufika unajua. Kukaa ndiyo huwezi. Na siku nikifa mimi, utasema ni wao."

Akatoka.

Jioni ujumbe ukaingia: "Nimemwambia kaka asije. Gauni nimelifumua."

Gundi akajibu: "Nawashtaki. Wakinilipa tutaoana."

Akapiga. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Akapiga tena, sauti ile ile. Akaenda kwa kinyozi.

"Mtandao umeanguka," alilalamika. "Hawa watu wa simu nao ni wale wale."

Kabla kinyozi hajajibu, simu yake mwenyewe ikaita pale mbele ya kioo.

"Naam, dada... Ndiyo, yupo hapa. Nimpe?... Haya, sawa. Nimekuelewa." Akaiweka chini, akajifanya anafuta wembe. "Anaomba nimpelekee mkasi wake. Ameusahau kwako."

Gundi aliinama kuitazama simu ile.

"Kwako inashika?"

"Inashika, kaka."

"Basi wanachagua watu," Gundi alisema, akarudi kwake kuutafuta mkasi.