Uzito wa Mbele

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu, wajukuu zangu. Nilikamua ng'ombe, nikafunga ndizi zangu, na mwenzenu Sifael akanipakia kwenye pikipiki tushuke mjini. Pikipiki hiyo ilikuwa ya baba yake mdogo, Theodory, kitindamimba wangu. Alianguka nayo mwaka juzi kwenye kona ya kalavati, chini kidogo ya hapa Mwika. Tulimzika kihambani, kwenye migomba yetu ya nyumbani. Pikipiki haikupata hata mkwaruzo, basi Sifael akairithi, na sasa ndiyo inayomlisha yeye na mkewe Gladness.

Tulipoikaribia ile kona, usukani ukaanza kucheza. Kidogo kidogo, kama kikombe mkononi mwa mzee. Halafu ukapiga huku, ukapiga kule. Sifael alikanyaga breki, tukasimama tairi la mbele likiwa ukingoni kabisa. Kule bondeni nilisikia maji tu.

"Inafanya hivi kila nikishuka, bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Nikipanda kurudi nyumbani, imetulia kabisa. Iko siku itanitupa."

Tukajikongoja hadi Pasua, kule mjini, kwa fundi Shakiru.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

"Huyu mjukuu wako namwona kuliko ninavyomwona mke wangu," Shakiru akacheka. "Nimemwekea springi mpya za mbele. Nimebadilisha mafuta ya shokapu. Nimekaza beringi za usukani, nimenyoosha na rimu. Kesho yake huyo hapa tena!"

Akaisimamisha kwenye stendi, akarudi nyuma kufuta mikono. Hakuna aliyeigusa.

Shokapu za mbele zikashuka. Taratibu. Zikakaa hapo hapo chini.

Shakiru akaacha kucheka. "Sifael. Unambeba nani huku mbele?"

"Sibebi mtu."

"Springi mpya hazilali hivi bila mtu," alinong'ona.

Akafungua taa ya mbele, akapitisha vidole nyuma yake. Akavirudisha upesi kama aliyeguswa na moto. Kwenye shina la usukani palikuwa na jani la isale, lile tunalopanda mipakani na makaburini. Limefungwa fundo. Tangu mwaka juzi liko gizani, katikati ya vyuma na grisi.

Lilikuwa bichi.

"Hiyo mimi siifungui," Shakiru akasema. "Nendeni nayo kwenu."

Nilijua ni jani gani. Mtu wetu akifia njiani, mwili unaletwa na gari, lakini yeye mwenyewe, roho yake, lazima afuatwe. Mjomba wake anagusisha isale pale alipoangukia, anamwita jina, kisha anarudi nalo mkononi hadi kaburini. Haliweki chini. Hasimami kwa mtu. Na aliyetumwa kumleta Theodory alikuwa Antoni, mdogo wangu mimi.

Tulipanda kurudi Mwika, usukani umetulia kweli. Antoni tulimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Antoni, ulimleta mwanangu?"

"Dada, si nilimleta?"

"Ulimshika mkononi?"

Akatazama viatu vyake. "Nilikwenda na pikipiki yake hiyo hiyo. Ningeendeshaje kwa mkono mmoja? Nikalifunga hapo. Halafu nikapita kidogo kwa Ildefonce kunywa, mbege ilikuwa imeiva…"

"Ukamwacha nje."

Akaliweka panga lake chini.

"Mfungue," nikamwambia. "Sasa hivi. Na usigeuke."

Ukungu ulikuwa umeshashuka migombani. Antoni alifungua fundo. Alipolitoa jani, shokapu za mbele zikapanda zenyewe. Zikatoa pumzi, fyuuu. Kama mtu kainuka.

Akatangulia. Nikamfuata kwa nyuma, nimeacha nafasi kidogo. Mbwa wetu alikuwa amelala katikati ya njia. Antoni akamruka, mbwa hakutikisika. Halafu, kabla sijafika mimi, mbwa akanyanyuka. Akakaa pembeni. Akapisha, mkia unapiga chini kwa furaha.

Njiani hapakuwa na kitu.

Tulilichomeka jani kaburini, tukasali.

Jumatatu asubuhi Sifael alishuka mjini peke yake. Nilisimama nikamwangalia. Mbele palikuwa pamenyooka vizuri. Nikashukuru Mungu. Kisha nikaona nyuma. Nyuma palikuwa pamelala, kama amepakia mtu mzima.

Niliita. Hakusikia.

Nilishinda nimekaa mlangoni. Mchana akarudi mzima, anacheka.

"Bibi, leo ile kona nimeipita kama lami mpya! Usukani haukucheza hata kidogo. Nilisikia kama kuna mtu amenishika kiuno."

Alipoingia ndani kula, nikaenda kuiangalia pikipiki. Pedeli za abiria huwa anazikunja akiwa hana mtu. Zilikuwa zimeshuka zote mbili. Juu yake palikuwa na udongo mbichi wa kihambani, na kwenye udongo alama ya miguu mitupu.

Gladness alikuja na kitambaa aipanguse. Nilimshika mkono asimfute mwanangu.